Majani Makavu Kwenye Kona ya Kabasha

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali na mguu wako umeinuliwa juu ya mto, nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: ukichoka na wageni, wafukuze. Usione aibu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakulazwa hospitali pamoja na shangazi yangu. Aliketi pembeni ya kitanda changu, akamenya ndizi, akanisimulia polepole habari za mtu wa Luofu aliyevunjika pale pale nilipovunjika mimi, akafa. Kisha akanipa ile ndizi nile.

Naandika kwa sababu siku zile nilitamani sana kumsikia mtu mmoja tu aliyepita njia ile na kufika upande wa pili. Waganga wa hospitali walinieleza mambo ya mfupa na sikuyaelewa, kwa hiyo sitajifanya kuyaeleza hapa. Nitasema yaliyonipata.

Jina langu ni Kambale. Naishi Vulamba, hapa Butembo, na kazi yangu ilikuwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu. Nilikuwa nashuka Beni na viazi na kabichi, narudi nikisukuma madumu ya mawese mlimani. Anayeijua barabara hiyo anaujua mteremko wa Kabasha. Unashuka, unashuka tena, upande mmoja mlima, upande wa pili hewa tupu. Kinga iliyobeba magunia haisimamishwi na breki za kiwandani. Breki yetu ni kisigino. Unavaa lastiki, vile viatu vya kukatwa kwenye tairi, unakandamiza gurudumu la nyuma, na ukisikia harufu ya kuungua unajua breki inashika.

Vibao vya barabarani huko hakuna. Alama yetu ni majani. Gari likiharibika kwenye kona, dereva anakata matawi na kuyatupa barabarani mbali kidogo na gari, ili anayeshuka ajue kuna kitu mbele. Ni desturi nzuri, imeokoa wengi. Ubaya ni kwamba gari likishatengenezwa dereva anaondoka na furaha yake, majani anatuachia sisi. Basi barabara nzima imejaa matawi yasiyosema kitu. Sisi wenye kinga tulijifunza kuyasoma. Yakiwa mabichi, gari lipo, shika breki. Yakiwa makavu, gari lilikwisha kwenda, pita. Walionitangulia walisoma hivyo na mimi niliwafundisha wengine hivyo hivyo.

Nilivunjika wakati wa kiangazi, mwezi wa saba, vumbi mpaka kwenye meno. Nikaona majani kabla ya kona, yamejikunja, rangi ya udongo. Kisigino kilikuwa kinaniungua tayari, nikakitoa. Jua la kiangazi kile lilikausha tawi kwa mchana mmoja, na hilo mimi, mtu wa miaka mingi barabarani, halikunijia akilini. Lori lilikuwa limelala pale tangu jana yake. Nakumbuka mlango wake wa nyuma wa buluu, na mtu amekaa kivulini anakula muhindi wa kuchoma. Yeye ndiye aliyenitoa chini ya magunia. Sina kinyongo naye, majani yake aliyaweka kama inavyotakiwa.

Ulikuwa mguu wa kulia, chini ya goti, na mfupa ulikuwa nje. Walinirudisha Butembo juu ya gari lililobeba mbao. Hospitalini walipitisha vyuma ndani ya mfupa, vikabaki vimetokeza nje ya ngozi, vimeungwa pembeni kwa ufito wa chuma. Masika, mtoto wetu wa kwanza, alipoviona aliuliza kama wamenifungia kipande cha kinga yangu. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, halafu machozi yakaendelea yenyewe bila kicheko.

Kuhusu kungojea nina mengi ya kusema, lakini sitakuchosha. Siku za kufungwa vidonda tulipangwa kwenye benchi la korido, kila mtu na beseni lake mapajani, tukisikiliza mlango. Wa ndani akipiga kelele, wa nje tunatazama sakafu. Akinyamaza kabisa, hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mke wangu, ambaye namwita Mama Masika, alikaa nami kila mara. Alikuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda changu na kupika kwenye jiko la wagonjwa nyuma ya jengo. Nguo zake zote zilinuka moshi. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi roho yangu inatulia.

Mwili wangu sikuutambua tena. Paja lililokuwa linasukuma mawese Kabasha likaisha, nikaweza kulizungushia vidole. Kisha kidonda kikaanza kutoa harufu. Mwanzoni nilisema ni beseni la jirani. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilificha, nikijipaka sabuni shingoni wageni wakija, kana kwamba shingo ndiyo iliyooza.

Kitanda cha jirani alilala mwalimu aliyetumwa kwetu kutoka Kasai. Alikuwa akienda shuleni kwa kinga, akaanguka kwenye daraja dogo lililokosa mbao mbili, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa kabla sijafika. Mwalimu huyo hakuuliza mgonjwa mpya jina wala ukoo. Aliuliza, "Pale kwako kulikuwa alama?" Wa karibu na mlango alikamatwa na kamba ya barriere, kizuizi cha barabarani, iliyofungwa kukatiza njia bila kitambaa chochote. Wa dirishani alikuta changarawe imemwagwa katikati ya njia. Ukitembeza macho chumbani mle ulisafiri kutoka Butembo hadi Beni, kona kwa kona.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, mwenzetu mmoja wa chama cha wenye kinga aliletwa kutoka kona ile ile yangu. Mvua ilikuwa imeyaweka majani mabichi siku nyingi baada ya gari kuondoka. Aliyaona, akashika breki kwa nguvu zote kwa sababu ya gari ambalo halikuwepo, akateleza, akavunja mkono. Mwalimu aliposikia alinigeukia. Akasema, "Donc majani inadanganya kiangazi na inadanganya mvua." Nilikasirika kana kwamba amemtukana mama yangu. Kisha nikalala upande wa ukuta nikajua anasema kweli.

Homa ilikuja na mvua. Ilipanda kila jioni, ikaacha kushuka asubuhi. Waliuosha mfupa mara moja, wakauosha tena. Siku moja daktari, naye mtu wa jimbo jingine, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi, aliita familia. Kwetu mguu haukatwi kwa neno la mgonjwa peke yake. Mkubwa wa nyumba lazima akubali, na mkubwa wa nyumba yetu ni kaka yangu Paluku, mkulima wa Alimbongo.

Paluku alikuja na matope ya shamba bado kwenye buti. Daktari alisema maneno ninayoyakumbuka yote. "Nitafungua niangalie. Kama ndani mufupa ingali na uzima, nitaosha tu. Kama hapana, nitakata pale pale. Kumuamusha ili nimuulize haiwezekane."

Paluku alikataa. Alikuwa amezungumza na mganga wa mifupa huko kwao, mtu anayeunga kwa miti na majani, na alitaka kunichukua siku ile ile. Mama Masika alimwambia mganga huyo anaunga mifupa iliyovunjika, haungi iliyooza. Wakaacha kutazamana. Mimi nililala katikati yao nikitetemeka kwa homa, wakinijadili kama shamba lenye mpaka usiojulikana.

"Kwetu mutu anazikwa muzima," Paluku alisema. "Mukikata huo mguu mutaupeleka wapi? Mu poubelle, pamoja na takataka?"

Mama Masika hakupandisha sauti, akamwita kwa heshima ya kaka mkubwa. "Yaya, mimi hapana bibi ya mguu. Mimi niko bibi ya Kambale. Bakate, anibakie."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa, hata nikiwa chini ya magunia. Kifo sikukiogopa sana, nilikuwa nimeshachoka kiasi hicho. Niliogopa kuamka nikiwa mtu wa kuketi mlangoni, anayepelekwa juani na kurudishwa ndani. Mtu wa kinga bila mguu ni nani? Na bado nilikuwa na mtoto ambaye hajamaliza hata darasa la pili.

Nikamwambia kaka yangu kwamba munganga wa hospitali akiona ni wa kukatwa, akate, ila nisingeingia mle chumbani bila ruhusa yake, maana nikifa humo Mama Masika atasemwa maisha yake yote. Hilo ndilo lililokuwa linanila. Paluku alisimama, akachukua kofia yake, akatoka. Tulimwona kupitia dirishani amesimama kwenye mvua karibu na kamba za nguo, mabega yanatikisika. Tulidhani amekwenda zake.

Alirudi baada ya muda mrefu. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umekunjwa na pamba imebanwa kwenye kiwiko. Alikuwa ametoa damu kwa ajili ya upasuaji. Aliketi kitandani kwangu bila kunitazama. "Bakuwekee hiyo damu," alisema. "Ikifika mu mwili, itajitafutia kazi." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake, na sikuhitaji nyingine. Mama Masika alimwekea chakula, akala.

Siku ya upasuaji ilikuwa karibu na sikukuu ya Watakatifu Wote. Padri alikuja asubuhi kunipaka mafuta. Walipokuwa wananihamishia kwenye machela Mwalimu aliinuka kwenye magongo yake, akanisogelea. Nilitaka aniambie usiogope. Badala yake alinieleza kwamba vidole vya mguu wake uliokatwa bado vinamwasha, na kwamba asubuhi nyingine anajikuta ameinama kuvikuna. Nafikiri alitaka nisishtuke yakinipata. Nilimchukia kidogo kwa hilo, nikampenda baadaye.

Maana nilipoamka, kitu cha kwanza nilichosikia mwilini kilikuwa muwasho kwenye vidole vya mguu wa kulia.

Ukiwa hujapita hapo utasema, basi si ndiyo dalili njema. Mimi nililala nimefumba macho, muwasho unanikereketa, nikijua kwamba haunithibitishii kitu. Sikuthubutu kusogeza paja. Nilimsikia Mama Masika akipumua karibu yangu, nikafumbua jicho moja kumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa mekundu tangu mwezi wa saba, hayakuniambia chochote.

Nilimwomba aniambie. Akatikisa kichwa.

"Angalia wewe mwenyewe," akasema, akafunua shuka.

Vidole vyangu vilikuwepo, vimepakwa dawa ya manjano, vichafu, vibaya, vitano. Alivishika kimoja kimoja. Kucha zilikuwa zimeota mpaka zimejikunja.

"Hizi kucha ndio tutakata," alisema. Kisha akaweka uso wake kwenye shuka, akalia kwa sauti, mara ya kwanza mbele yangu.

Sikupona siku hiyo. Sitaki kukudanganya. Homa ilisitasita, ikashuka, ikarudi kunitania, ikashuka tena. Krismasi ilinikuta nyumbani Vulamba, vyuma bado mguuni, nimevaa sketi ya kitenge ya mke wangu kwa sababu suruali hazikupita. Watoto wa jirani waliniita mama mkwe. Mwezi wa maharage mapya nilijifunza magongo. Pasaka ilipokaribia walitoa vyuma, na mguu ukabaki mfupi kuliko mwenzake, una mashimo kama mti uliotobolewa na wadudu. Hayo yote niliyazoea. Goti ndilo lililonishinda. Lilikuwa limekaa limenyooka muda mrefu hata likagoma kukunjika, kama mlango uliofura kwa mvua. Mtu wa mazoezi pale hospitalini aliniambia nisilazimishe, na mimi nililazimisha, nikalia, nikaacha, nikalazimisha tena. Kanisani nilisimama wakati wengine wamepiga magoti. Kinga yangu ilining'inia ukutani, na Mama Masika alikuwa akiipangusa vumbi.

Wakati huo mimi na Mwalimu, wote kwenye magongo, tulikwenda bureau moja, ofisi ya serikali, kuomba vibao vya kuwaonya wenye kinga. Tulipokewa vizuri, tukapewa viti. Afisa alituambia ukweli: vibao vya chuma viliwekwa zamani, na kila kibao kiligeuka mbabula. Nani atabishana na mtu anayehitaji jiko la makaa? Mwalimu akarudi na wazo la mawe. Chama kilinunua chokaa, na wenzetu wakapanga mawe meupe kwenye kona mbaya, kwenye daraja lake, na kwenye zile barriere wakaomba kitambaa chekundu kifungwe kwenye kamba. Mawe hayapiki ugali, kwa hiyo yamebaki.

Lakini jiwe jeupe linakuambia kona ni mbaya. Halikuambii kwamba leo, nyuma ya kona, kuna lori. Hilo ni kazi ya majani. Kwenye mkutano wa chama nilisimama nikasema jambo moja tu, kwamba anayeweka majani ayaondoe akiondoka, na asipoyaondoa, atakayehakikisha kwamba gari limekwenda ayaondoe. Wote walikubali. Hakuna aliyefanya. Sikuwashangaa. Unapoweka majani una hofu, na hofu inafanya kazi vizuri. Gari likishawaka umepona, na mtu aliyepona ana haraka. Ndiyo maana nami naandika haya haraka kabla sijasahau.

Kiangazi kilirudi. Dada yangu wa Beni alikuwa anabatiza mtoto, na mimi ndiye baba wa ubatizo. Tulipanda pikipiki, mimi na Mama Masika nyuma ya motari, mguu wangu umenyooshwa pembeni kama fimbo. Mama Masika hakuwa amewahi kupita Kabasha tangu siku ile. Tulipoanza kushuka alinishika kiuno kwa mikono yote miwili na nikasikia kucha zake kupitia shati.

Kabla ya kona yangu, mawe meupe. Na katikati ya njia, majani. Makavu, yamejikunja, rangi ya udongo.

Nilimwambia motari asimame. Mama Masika aliniambia sikioni, "Twende tu, Baba Masika. Mimi sipendi hapa." Motari naye alisema ni ya kitambo, hayana kitu, asubuhi alipita hakuona gari. Niliteremka. Nilitembea na gongo langu hadi kwenye kona, nikashikilia ukingo wa mlima, nikachungulia. Barabara ilikuwa tupu. Palikuwa na doa la mafuta kwenye vumbi na maganda ya mahindi.

Nikarudi kwenye majani. Mama Masika alikuwa ameshashuka, anataka kuinama ayaokote yeye.

"Acha," nikamwambia.

Nilimpa gongo alishike. Nikaweka mkono kwenye paja, nikasukuma. Goti likagoma, likauma mpaka nikaona giza, likalia kwa ndani kama ukuni. Kisha likakunjika. Halikukunjika lote, lakini lilitosha mkono wangu kufika chini. Niliokota tawi moja nikalitupa bondeni, nikaokota jingine. Mama Masika alisimama juu yangu na gongo mikononi.

Nikiwa bado chini tukasikia kinga inashuka. Mwenyewe alikuwa mtu mzima kidogo, magunia ya viazi yamepita kichwa chake, kisigino kwenye gurudumu. Aliniona nimeshika tawi.

"Papa, mbele iko gari?"

"Hapana," nikasema. "Ni safi. Lakini kisigino, hapana toa."

Alikiacha pale kilipokuwa. Akatupita, vumbi na harufu ya lastiki inayoungua, akaingia kwenye kona. Mama Masika alinishika bega. Tulisikiliza lastiki ikikwaruza, ikikwaruza, ikienda mbali upande wa pili, mpaka tusiisikie tena. Hakukuwa na sauti nyingine.

"Wasingya," Mama Masika alisema taratibu, asante ya kwetu, sijui kwa Mungu au kwa goti. Akanipa gongo langu, akanisaidia kuinuka.